Kometi Iliyoonekana Mapema Mno

Mama alinikamata mkono hata sijatua beseni la nguo. "Pale," alisema. "Kulia kwa lile tangi la maji. Usitafute kwa pupa, tuliza jicho."

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya majengo na ukingo wa anga ulibaki na wekundu kidogo. Tulikuwa juu ya paa la zege la jengo letu, mahali wapangaji wote wanapoanika nguo. Nilituliza jicho. Niliona mapaa, niliona nyaya za umeme, kisha nikaiona yenyewe: nukta angavu, na mkia umesimama wima juu yake kama moshi wa kibatari pasipo na upepo.

"Lo!" nikasema. "Hii si mchezo."

"Si nini?"

Sikio la kushoto la mama limekufa kabisa, na la kulia lazima umwinamie upaze sauti. Nikamwinamia. "Nimesema hii si mchezo!"

"Bila shaka si mchezo. Ni barafu na vumbi." Akanipa darubini, na kabla sijaishika vizuri akanipokonya. "Na usije ukaiita nyota mbele yangu. Ni kometi."

Mwalimu wa jiografia hustaafu kazi, kusahihisha hastaafu. Mimi nimesahihishwa mpaka namna ya kukunja shuka. Nyumbani wananiita Pilipili, na jina hilo sikuliokota njiani. Ulimi wangu ndio ulionitafutia. Nakata vioo vya madirisha na fremu katika duka la mtu. Kaka yetu mkubwa ni fundi wa majokofu. Na wa mwisho ni Kitinda, yaani kitindamimba, aliyetuacha akaenda kaskazini kabisa mwa dunia kufanya kazi katika kiwanda cha samaki. Alikuwa akisema kule wanatengeneza majokofu ili kupasha vitu joto.

Sasa sikiliza mchezo wao, yeye na mama, maana usipouelewa huo hutaelewa kilichotupata. Kometi angavu mara nyingi haionekani pande zote za dunia kwa wakati mmoja. Ikija kwa njia ya chini, sisi wa kizio cha kusini tunaiona kwanza, na wa kaskazini hawaoni kitu, kwa sababu kwao imejificha chini ya upeo wa macho. Ikishalizunguka jua, inapanda kwao na sisi inatupotea. Nyingine huanzia kwao ikamalizia kwetu. Basi mama na Kitinda walikuwa wakipokezana. Mwenye nayo kwanza anaitunza, jioni baada ya jioni, na siku ya mwisho anamrushia mwenzake.

"Nimekurushia, mwalimu!" Kitinda alipiga kelele kwenye simu ile ya mara iliyopita, maana ilianzia kwake. Mama aliisubiri wiki nzima ya mawingu. Siku alipoipata, kidoa tu ndani ya darubini, alipiga ukelele wa "Nimeidaka!" hadi mpangaji wa chini akapanda na ufagio akidhani tumevamiwa na mwizi.

Safari hii zamu ya kurusha ilikuwa ya mama. Na si kwamba ilikuwa zamu tu. Moyo wake ulikuwa umemlaza hospitalini, akatoka amekonda, hana hamu ya chakula, hana hamu ya kusema. Habari za kometi ndizo zilizomwinua kitandani. Alipanda ngazi kila jioni akipumzika kila ghorofa, ameshika ukuta, mimi nyuma yake nikiomba asiniangukie. Nilipomgombeza alinijibu, "Niache. Nikishamrushia mwanangu nitalala hata mwezi." Alikuwa akiishi kwa ajili ya jioni hiyo moja.

Kwa nini hakumpigia Kitinda mwenyewe? Kwanza hilo sikio. Pili, Kaka alitueleza kwamba simu ya Kitinda ilitumbukia kwenye maji ya barafu kiwandani, kwa hiyo kila Jumapili aliazima simu ya msimamizi wake, dakika chache za kuibia ibia, na namba aliyoijua kwa kichwa ni ya Kaka tu. Hilo liliniuma. Namba yangu ni rahisi kuliko ya Kaka! Nilimwandikia Kitinda ujumbe baada ya ujumbe, nikijua akipata simu nyingine atauona. Wa kwanza ulikuwa wa salamu. Wa mwisho sitaurudia hapa. Nilimwita mtu asiye na shukrani, tena hilo ndilo lilikuwa neno la heshima kuliko yote humo.

Jumapili hiyo Kaka alikuja kama kawaida, mikono inanuka mafuta ya mashine hata baada ya sabuni. Akavuta kigoda mpaka kwenye sikio zima la mama, akaanza kurusha habari chumba kizima.

"Mwanao anakusalimu! Anasema amenunua viatu vya baridi vimempita mguu, anatembea kama bata!"

Mama akacheka. "Na yule msichana?"

"Yule anayepima samaki kwenye mizani? Bado anamcheka anavyotamka! Lakini sasa anamletea chai!"

"Akimletea chai basi kwisha habari yake," mama akasema, na akacheka mpaka akashika kifua, nami nikacheka naye. Habari za msichana Kaka anaambiwa, mama anaambiwa, mimi niliyembeba Kitinda mgongoni sina hata salamu yangu.

Kisha mama akainua kidole. "Mwambie kometi bado ni yangu. Awe na subira, siku si nyingi namrushia."

"Aa, mama!" Kaka alikuwa amenogewa. "Mbona ameshaiona! Anasema kila jioni akitoka kazini anaikuta kule jua linakozama, mkia juu, inang'aa balaa! Wenzake wote wanaipiga picha!"

Mkono wa mama uliokuwa unaelekea kwenye kikombe ulibaki hewani.

"Ameiona jioni?"

"Jioni, mama!"

"Kwa darubini?"

"Kwa macho matupu!"

"Mkia juu."

"Juu kabisa!"

"Vizuri," mama akasema. Akageuza uso ukutani, akasema amechoka, tumzimie taa. Hakuinywa chai yake.

Mimi si mwalimu, lakini mtu hawezi kulelewa na mama yule asijue kipi kinaonekana wapi. Kometi ile kwa Kitinda ilikuwa bado chini ya upeo. Isingeonekana kwake kwa macho, kwa darubini, wala kwa uchawi. Nilijiambia labda dogo amepiga chuku amfurahishe mama. Lakini nikajikatalia mwenyewe. Kitinda angedanganya kuhusu kodi, kuhusu wasichana, kuhusu nani kavunja sahani. Kuhusu anga hakuwahi kumdanganya mama. Basi kama hakusema yeye, aliyesema ni nani? Sikulala vizuri, na mama naye nilimsikia akijigeuza geuza.

Asubuhi niliharibu kazi. Kioo hukwaruzwa mstari mmoja kwa kalamu ya kukatia, mara moja tu, kisha unakigonga kwa chini kinaachana chenyewe. Ukirudia mstari kinakatika kinavyotaka. Mimi nilirudia, kikapasuka pembeni, kioo cha fremu ya mteja aliyesimama pale pale ananitazama. Mwenye duka akanitazama, nami nikamtazama, akaenda mwenyewe kuleta kioo kingine. Nilivua aproni nikaenda karakana kwa Kaka.

Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya jokofu lililofunuliwa mgongo, anachomelea bomba jembamba la shaba kwenye kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya ubaridi. Aliponiona alitabasamu. "Pilipili! Leo umeamua kututembelea maskini?"

"Zima huo moto."

"Namalizia tu hapa—"

"Zima moto, Kaka, kabla sijakuzimia mimi."

Akazima. Nikamuuliza, "Kitinda alikuambia kwa mdomo wake kwamba ameiona kometi?"

"Si nimesema jana?"

"Haionekani kule. Bado. Mpaka ilizunguke jua. Mtoto wa darasa la mama angelijua hilo!"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haina mlango. "Haionekani vipi? Mbingu si ni moja? Mwezi si tunauona wote?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kaka alikuwa akisinzia kila mama alipotufundisha kule juu ya paa, alijifunika kanga ya mama akakoroma. Aliitazama kometi kutoka mlangoni mwa karakana yake, akaichukua kama ilivyo, akamvisha mdogo wetu.

"Hukuongea naye jana," nikasema.

Akachukua kitambaa akaanza kufuta mikono.

"Kaka. Uliongea naye lini mara ya mwisho?"

Alifuta kidole kimoja kimoja, mpaka nikampokonya kile kitambaa. Ndipo akasema, akiwa anatazama lile bomba na si mimi. Kitinda alikuwa amefariki. Mama akiwa bado hospitalini, yule aliyekuwa akilala naye chumba kimoja alipiga simu. Kitinda alikuwa na homa ya kifua, akakataa kwenda kwa daktari asije akakosa zamu yake. Asubuhi mwenzake alimwamsha, hakuamka. Wenzake wa kiwandani ndio waliomzika, hukohuko, kwa kuwa gharama za kumrudisha hakuna aliyeziweza.

"Daktari alikuwa amesema mama asipate mshtuko wowote," Kaka alisema. "Siku aliyofumbua macho vizuri, neno lake la kwanza, 'Mdogo wako amepiga?' Ningejibu nini? Nikasema amepiga, anakusalimu. Nilidhani ni siku ile moja tu. Jumapili iliyofuata akauliza tena."

"Na mimi?" nikauliza. "Mama ana moyo mbovu, sawa. Mimi nina moyo wa nini, wa mpira?"

"Wewe usingeweza kunyamaza, Pilipili."

"Nimekuwa nikimtukana marehemu! Unajua hilo? Kila wiki nimemtukana mtu aliyekufa, nawe unaniambia nisijali, dogo yuko busy!"

Nilimpiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili na yeye hakujikinga, alisimama tu, mtu mzima na mvi zake, machozi yanateremka yanachanganyika na masizi. Na mimi nikakaa juu ya kompresa kuukuu, nikamlilia mdogo wangu katikati ya majokofu ya watu. Akilini niliona vile alivyokuwa akikunja miguu ya suruali ili isilowe. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonijia.

Baadaye Kaka akasema, "Zimebaki siku chache. Tumwache amrushie. Mimi nitasema ameidaka. Apate hiyo furaha moja, halafu tutaona."

"Tutaona nini? Unampangia marehemu siku nyingine ya kufa?"

"Basi niambie wewe tufanye nini!"

Nawaambieni ukweli, nilikuwa karibu kukubali. Nilimkumbuka mama akipanda ngazi ghorofa moja moja, na nikajiona mimi ndiye ninayekuja kuubomoa ule ukuta anaoushikilia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakutuambia la kufanya kifo chenyewe kikiwa ndicho kinachofichwa. Tulipatana kunyamaza mpaka kometi ipite. Tulipeana mkono kabisa, kama wauza gari bovu.

Jioni ile mama alituma mtoto wa jirani amwite Kaka. Tulimkuta juu ya paa, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki katikati ya mashuka ya watu, darubini mapajani. Kometi ilikuwa imeshuka sana, imekaribia wekundu wa jua. Hakuwa akiitazama.

"Leo ndiyo mwisho wangu," alisema. "Kesho italiwa na mwanga. Mpigie msimamizi wake, useme ni mimi nimeomba. Nataka kumrushia mwenyewe."

Kaka akaniangalia. Mimi nikaangalia mashuka.

"Mama, leo Jumatatu! Wako kazini!"

"Kwa saa zao, ameshatoka. Nimefundisha saa za dunia maisha yangu yote. Piga."

Kaka alitoa simu, akaishika tu. Kidole gumba kilikuwa kinacheza juu ya kioo bila kugusa kitu. Mama akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Usiku kucha nimekaa nikisema labda mwanangu amenidanganya. Nimemwomba Mungu awe amenidanganya. Lakini aliyeniletea habari ile aliiona akiwa upande huu wa dunia. Mwanangu hayuko upande huu. Sema, baba. Yuko wapi?"

Kaka akapiga magoti. Akaweka mdomo kwenye lile sikio na akasema, na kwa kuwa mama hasikii, ilibidi aseme kwa sauti, tena arudie, "Amefariki, mama. Kitinda amefariki."

Mama hakupiga yowe. Mimi niliweka mkono mgongoni kwake nikisubiri aanguke, na mgongo ukabaki umenyooka.

"Lini?"

"Ulipokuwa umelazwa!"

Nilimwona anarudi nyuma kichwani, Jumapili kwa Jumapili. Kisha akamshika Kaka shati kifuani. "Umenichekesha," alisema. "Mwanangu yuko chini ya udongo wa watu, nami umenikalisha hapa nacheka. Nimecheka mpaka nikashika mbavu! Mama gani anacheka?"

"Nisamehe, mama. Daktari—"

"Viatu. Vile vinavyompita mguu."

Kaka hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilitamani nisielewe.

"Vilikuwa vyake au vyako?" mama akauliza.

"Vyangu, mama. Niliviwaza tu."

"Na kwamba amejifunza kupika mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Msichana wa mizani?"

Kaka aliinamisha kichwa.

"Sema!"

"Hayupo, mama. Ni mimi."

"Nilishaanza kumpenda," mama akasema. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa msichana ambaye hakuwepo, nami nikashindwa kujizuia nikalia kwa sauti. Yeye aliendelea. Aliuliza moja moja, kila salamu, kila kichekesho, ile ndoto aliyoambiwa Kitinda ameiota, ule wimbo aliouimba kazini, na kila moja Kaka alijibu, "Ni mimi," na kila alipojibu hivyo mama alitikisa kichwa kama mtu anayetoa kitu kabatini na kukitupa. Anga lilikuwa linafifia. Kometi ilizama wakati fulani katikati ya maswali hayo, na hakuna aliyeitazama ikizama.

Mwishowe akasema, kwa woga, "Na ile ya chumvi? Uliponiambia anasema nipunguze chumvi?"

Kaka akainua uso. "Ile ni yake!"

"Usinidanganye tena."

"Wallahi, mama, ile ni yake! Ilikuwa kabla hujalazwa. Alipiga mwenyewe, kwa simu yake, nilimsikia kwa masikio yangu haya!"

"Alisemaje? Si ulivyonifupishia. Alivyosema yeye."

Kaka alifumba macho atafute. "Alisema, 'Mwambie mwalimu apunguze chumvi, moyo wake si samaki wa kukaushwa.'"

"Sikusikia."

Akasogea zaidi. "Mwambie mwalimu apunguze chumvi!"

"Yote."

"Moyo wake si samaki wa kukaushwa!"

"Tena."

Kaka akarudia, sasa kwa sauti kubwa kabisa, inayokatika katika kwa kilio, na mama amefumba macho, midomo yake inayafuata maneno. "Tena," alisema. Madirisha ya chini yalianza kufunguka. Mtu mmoja uani alituuliza kuna nini huko juu, na mwenzake akamjibu kwamba ni yule mama kiziwi na wanawe, wanagombania chumvi.